Punda Wanne Mahali pa Nyumba Yetu

Leo nimeaibika. Tena aibu nimeiita mwenyewe, nikaitandikia na mkeka.

Asubuhi alikuja Bwana Athmani, babake Zaituni, kuitazama nyumba yetu kabla ya kunijibu posa. Yeye ni mtu wa Pate aliyehamia hapa Amu juzi tu, mtaa wetu haujui. Nilikuwa nimemwambia mara tatu kwamba nyumba hii ya mawe waliijenga mababu zangu, na ina miaka mia mbili. (Mara ya kwanza nilisema mia. Ilizidi yenyewe.)

Tumeketi dakani, pale kwenye viti vya mawe mlangoni, kahawa mkononi. Mzee ameanza kulainika. Mara akapita Mzungu na jalada la picha. Babu yake, alimwambia kila aliyekutana naye, alipita Amu miaka themanini nyuma akiichora mitaa kwa rangi za maji, naye anatafuta palipochorwa. Angepita zake! Nikamwita.

Akatoa picha ya mtaa wetu. Mashallah! Msikiti na ngazi zake tatu. Mlango wa jirani, mpaka lile ua moja la nakshi lililobanduka.

"Tazama, Bwana," nikasema. "Mchoraji huyu hakosi hata msumari!"

(Ningejua, ningenyamaza.)

Bwana Athmani akavaa miwani. "Na hapa, kando ya mlango wa jirani, ni nini?"

Kibanda cha makuti, palepale ilipo nyumba yetu. Punda wanne. Na mtu amebeba karai la samadi, masikio yamemtokeza. Bwana Athmani akaitazama picha, kisha akayatazama masikio yangu.

"Hapo labda alikosea," nikasema.

"Si hakosi hata msumari?"

Uso ukanishuka. Nikamwongezea kahawa kikombeni, nacho kilikuwa kimejaa bado. Ndipo mama yangu akasema kutoka nyuma ya pazia, kwa sauti ya kusikika mpaka msikitini: "Ni babu yako huyo, Bakari! Na punda hao ndio waliobeba mawe ya nyumba hii. Mbona wamuonea haya?"

Bwana Athmani alicheka hadi kahawa ikamwagikia kanzu. Kisha akasimama.

"Ndoo kwangu Ijumaa, tunene habari za arusi," akanialika. "Lakini uye juu ya punda."

Tangu adhuhuri natafuta punda. Atakayeniazima wake, tafadhali, acheke baada ya mimi kupita kona.