Hati ya Kiapo ya Kaburi la Mama

Ijumaa, 4 Julai
Mohoro. Neno la leo: deponent. Kamusi yangu ya sheria, Kiingereza cha enzi za magavana, inasema ni mtu anayeapa kwa maandishi kwamba asemayo ni kweli. Nimelirudiarudia huku nanyoa ndevu. Nimejikata.

Dada Mwanaheri kafika kutoka Ngorongo na mkeka wake na Yasini yake. Mafuriko ya mwaka jana yaliyafukia makaburi ya ukoo kwa tope, vibao vikaenda na maji, hatujui tena mama kalala wapi. Siku ya mazishi dada alibaki ndani na wanawake wenzake. Mie nilikuwa Kibiti mahakamani, nasikiliza kesi ya watu. Kesi tamu, haiachiki katikati. Aliyeshuka kaburini kumpokea mama ni jirani yetu Mzee Abdalah, na wale aliokuwa nao wote wameshatangulia mbele ya haki. Kakubali kuja kesho kutuonyesha. Dada kafurahi mpaka kalia.

Mie nimeona mbali zaidi. Kuonyesha kwa kidole si ushahidi. Nikipata kiapo cha mzee, hakuna wa kubisha kwamba eneo lile ni letu. Na Saidy wa Kibiti, anayejiita mwanasheria kwa kuwa ana mashine ya kutoa kopi, atafyata mkia. Hati nimeshaiandika. Kila aya inaanza na whereas.

Jumamosi, 5 Julai
Mzee kaja mapema, kanzu kaipandisha kiunoni, jembe begani. Nikamwomba asimame kwanza. Nikamsomea hati yote pale juani. Akauliza whereas ndiyo nini. Nikamwambia ni "kwa kuwa", ila yenye heshima. Akauliza deponent je. Nikamfafanulia vizuri kabisa.

Akaniuliza nani kasema yeye mwongo. Nikamjibu hakuna, ni utaratibu tu. Akasema yeye ndiye aliyemlaza mama yangu ubavu wa kulia na kumfungua sanda usoni, leo mie namtaka aape. Akageuka na jembe lake akaenda zake. Dada kaketi kwenye tope na mkeka wake haujakunjuliwa.

Jumapili, 6 Julai
Dada kaenda kumwomba mzee radhi, na kapu la mchele kichwani. Mkewe, Bi Tatu, kasema mzee hana kinyongo na mtoto wa marehemu, ila kaamka na homa. Akipata nafuu atakuja, kwa sharti mie nisiwepo. Nisiwepo! Shughuli ya sheria, mwanasheria abaki nyumbani!

Nimepekua kamusi. Dawa nimeipata. Zamani asiyetaka au asiyeweza kuandika aliweka alama yake, nayo ikahesabika kama sahihi. Kumbe tatizo la mzee lilikuwa kalamu tu. Dole gumba litatosha.

Jumatatu, 7 Julai
Nimevuka daraja la Ndundu kwenda Kibiti kutafuta wino. Nimesahau ni Sabasaba, ofisi zote zimefungwa. Duka la Saidy tu ndilo wazi. Nimenunua wino kwake kwa uchungu mkubwa. Akauliza wa nini, nikamweleza. Akasema maneno yangu ni ya mfalme aliyekwisha kufa, na mgonjwa haendewi na wino. Akanishauri niende na dada yangu, nikae kimya. Wivu huo.

Jumanne, 8 Julai
Homa imempanda mzee. Bi Tatu katuita haraka, kasema mzee anataka kusema na Mwanaheri. Nami nikaingia nyuma ya dada. Mzee kamshika mkono. Sauti ilikuwa ndogo, tukainama. Akasema mama yenu yuko upande wa...

Hapo nikaona nafasi. Mkono wake mwingine ulikuwa huru. Nikalichovya dole gumba lake kwenye wino, taratibu kabisa. Mzee akalitazama dole. Akanitazama mie. Akauvuta mkono wake, akageukia ukutani. Dada alimwita sana. Hakugeuka tena.

Jumatano, 9 Julai
Mzee Abdalah kafariki alfajiri. Walipomwosha, wino haukutoka wote.

Nimefungua kamusi baada ya maziko. Yapo maneno mawili huko, dying declaration. Maana yake kauli ya mtu anayekaribia kufa. Inapokelewa bila kiapo, bila sahihi, bila dole. Nilikuwa sihitaji kitu. Nilitakiwa nisikilize tu.

Nikatoka nje ya nyumba ya msiba nikalia kwa sauti. Watu wakanishika mabega, wakasema kweli nilimpenda mzee. Nilikuwa namlilia mama. Sikupata kumlilia tangu afe.

Ijumaa, 11 Julai
Dada kachagua mahali mwenyewe. Kasema moyo wake umetulia hapo, na Mungu anajua lilipo kaburi hata kama sisi hatujui. Kakunjua mkeka, kaniomba nikae pembeni yake, yeye asome, mie niitikie amina.

Nikaona kuna mwanya. Kama moyo wake umetulia, basi huo ni ushahidi, na yeye ni deponent halali. Hati nilikuwa nayo mfukoni, nimeshafuta jina la mzee na kuandika la kwake. Nikampa kalamu.

Akaniuliza taratibu kama hata sura ya mama ninaikumbuka. Nikapinga. Nikamweleza kwamba hilo ni swali la kumwongoza shahidi, mahakama hailikubali.

Dada kasoma Yasini peke yake, kajiitikia amina mwenyewe, kakunja mkeka. Basi la Ngorongo kalipanda bila kuniaga.

Hati imenyooka, haina kosa hata moja. Kesho naipeleka Kibiti ikapigwe muhuri. Mahali pa sahihi nimepaacha wazi. Mwanaheri atarudi tu kutia, hana ndugu mwingine ila mie.