Steki za Bwana Scoggins na Akiba ya Mama Lorraine

Mchumia juani hulia kivulini, walisema wahenga, na ni wazi hawakuwahi kukutana na Brantley Scoggins. Anayekula kivulini ni yule aliyekaa kivulini tangu asubuhi, akimngoja mchumia juani apite na kapu lake. Kuchuma ni kazi ya watu wengine. Kula ni taaluma, na ina wenyewe.

Brantley alikuwa akinywa kahawa mjini Toledo aliposoma gazetini kwamba kiwanda cha vioo cha mji huo kimeuzwa. Wastaafu mia tatu, gazeti lilisema, bado akiba zao za uzeeni zimo ndani ya mfuko wa kiwanda. Aliisoma habari hiyo mara mbili, akaagiza kahawa nyingine. Pesa zilikuwa zimelala, na Brantley hakuwa na moyo wa kuacha kitu kilale peke yake.

Wiki iliyofuata alikodi chumba cha nyuma cha mkahawa wa steki, akatuma kadi kwa kila mstaafu: chakula cha bure, na somo la namna ya kuihamisha akiba ya kazini iwe akaunti yako binafsi. Mstaafu wa Ohio anaweza kukataa mkopo, dini mpya, hata kulea wajukuu. Steki ya bure hakatai.

"Mabibi na mabwana," Brantley alisema, akiwa amevaa tai ya rangi ya unyenyekevu, "kuacha pesa zako kwenye mfuko wa bosi wa zamani ni sawa na kuacha nguo zako za ndani kwa mume uliyeachana naye."

Wakacheka. Waliocheka zaidi walikuwa wale walioachana.

Mkono mmoja ulinyooka, wenye kovu refu la tanuri. Ulikuwa wa Lorraine Piekarski, miaka sitini na saba, thelathini na mmoja kati ya hiyo akiwa mbele ya moto wa kioo. Alikuwa ameshaongezwa viazi mara mbili.

"Na pesa zikipita mkononi mwangu kwanza?"

"Kodi inamega moja ya tano hapo hapo, mama yangu. Ndiyo maana tunazipeleka moja kwa moja, kutoka mfuko wa kiwanda mpaka akaunti yako kwenye kampuni yangu, Mwaloni wa Dhahabu. Faida asilimia kumi na mbili kila mwaka. Hatari sifuri."

Mwaloni wa Dhahabu ulikuwa na mizizi mitatu: karatasi zenye nembo, sanduku la posta, na akaunti ya benki ambayo aliyeweza kuifungua na kuikomba alikuwa Brantley peke yake.

"Nina dola laki nne na elfu kumi na mbili," Lorraine alisema. "Ndizo zote, mwanangu. Mimi na Chester wangu hatuna kingine ila pensheni kiduchu ya serikali. Zikipotea, nitakufa nikipanga mikebe dukani."

Brantley alimsogezea keki ya jibini kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa sadaka.

"Ila karatasi zake!" Lorraine aliguna. "Mwaka mzima nahangaika. Napiga simu kwenye ofisi ya mfuko, mashine inaniambia bonyeza moja, bonyeza nne, napigiwa kinanda dakika tisini, halafu kimya. Nimeshakata tamaa."

"Mama, karatasi niachie mimi."

Sentensi hiyo fupi ilimgharimu majira mazima ya baridi.

Asubuhi tatu alikaa jikoni kwa Lorraine, simu sikioni, akisikiliza kinanda. Alijaza kurasa kumi na nane. Cheti cha ndoa kilipokosekana, alipanga foleni ofisi ya wilaya akalipia nakala. Kisha mfuko ukasema mume lazima akubali kwa sahihi yake, mbele ya mthibitishaji wa sahihi aliyeapishwa. Na mume, kwa kuwa ulikuwa Februari, alikuwa katikati ya ziwa lililoganda, ndani ya kibanda cha mbao, akivua kwenye tundu la barafu.

"Mwambie aje nyumbani," Brantley alisihi.

"Chester? Harudi mpaka barafu iyeyuke. Mfuate."

Alimfuata. Nyuma yake alijikokota mthibitishaji, Bi. Yolanda Fitch, aliyetoza mara tatu ya bei yake ya ofisini na kukumbusha hivyo kila alipoteleza.

"Wewe ndiye unayechukua hela za mke wangu?" Chester aliuliza bila kugeuka.

"Nazilinda, mzee wangu."

"Funga mlango basi. Na ushike huu mshipi nitie sahihi. Ukimpoteza samaki, sisaini."

Brantley aliushika kwa dakika arobaini, kwa sababu Chester alisoma kila neno, na samaki hakuwa na haraka pia.

Brantley aliporudi mjini, Lorraine alikuwa na neno jingine. "Wenzangu wanane wa timu ya bolingi, wote watu wa tanuri, wana akiba kama yangu. Ila waoga. Wakila kidogo wataelewa."

Walikula Jumanne nne, na si kidogo. Walibeba mabaki nyumbani kwenye vibweta, wakaomba na mkate wa pembeni. Brantley aliwajazia karatasi wote wanane, akasikiliza kinanda mpaka akawa anakiimba bafuni. Hakulalamika. Mkulima halalamiki akipalilia.

Ukabaki ukurasa wa mwisho, ule wa jina na namba ya akaunti ya kupokelea. Hapo Brantley alikuwa na kanuni. Miaka kumi na miwili, majimbo matatu, hakuna hakimu aliyewahi kuona mwandiko wake mahali pesa zinapoelekezwa. Ukurasa huo aliuandika mwenye mali, kwa mkono wake mwenyewe, ili kesho asije akasema ameandikiwa.

"Nakili namba kutoka kwenye kadi yangu hii, mama. Ni kwa usalama wako."

"Macho yangu haya, mwanangu. Niache niandike taratibu, nipeleke posta mwenyewe. Na wenzangu nitawasimamia."

Brantley alimbusu kiganja, penye kovu.

Siku kumi na mbili zikapita. Akaunti ya Mwaloni wa Dhahabu ilikuwa tupu kama sahani za timu ya bolingi. Adhuhuri ya siku ya kumi na tatu aligonga mlango wa Lorraine.

"Mama, pesa hazijafika!"

"Zimefika Alhamisi," Lorraine alisema, akiegemea kizingiti. "Niliandika namba ya benki ya ushirika pale mtaani, akaunti yangu binafsi ya kustaafu. Zote. Kodi haijagusa hata senti. Na za wenzangu pia. Kazi safi sana, kwa kweli."

 

"Ulijua?" Brantley aliuliza.

"Kesho yake baada ya steki ya kwanza nilikwenda maktaba. Washauri wenye leseni wana orodha, mwanangu, na kila mtu anaruhusiwa kuisoma. Dakika tano tu. Wewe humo."

"Mbona hukuita polisi?"

"Halafu nani angekaa kwenye simu?"

Brantley alitupia jicho barabarani.

"Nimewaita leo asubuhi," Lorraine aliongeza. "Nimewapa kadi yako na karatasi yako yenye nembo inayoahidi asilimia kumi na mbili. Wako njiani, kwa hiyo kama una gari, hili ndilo pendekezo langu la uwekezaji: liwashe."

Brantley alirudi nyuma hatua moja, kisha akasimama. Kuna jambo lilimuuma kuliko hasara, na mjanja akiumwa heshima husahau hata kukimbia.

"Nilikuamini!" alisema. "Nimepanga foleni kwa ajili yako. Nimemshikia mzee mshipi mpaka vidole vikafa ganzi. Umenitumia, mama, umenidanganya majira mazima machoni pangu! Sema samahani angalau."

Lorraine alimtazama kama alivyozoea kutazama kioo chenye ufa, akaushika mlango.

"Sisemi."