Asali ya Kumpunguzia Nyuki Kazi

Mutunga hakuwa mwizi. Hilo alikuwa amejieleza mara nyingi, na kila mara alijielewa vizuri. Asali aliyouza sokoni mjini Wote aliipika mwenyewe kwa sukari, maji na ndimu, lakini je, nyuki naye anatafuta nini kama si utamu? "Mimi nimempunguzia kazi tu," alijiambia.

Jumanne hiyo akamwona Kalunde, mama wa kanisa kutoka Kilungu, ameshika beberu mnene ajabu. Moyo ukamruka. Alibakisha mbuzi mmoja kutimiza watatu wa ntheo, wale wa posa, na bila huyo, baba yake Wavinya, msichana aliyetaka kumwoa, angemkaribisha mchumba mwingine. Na Mutunga alimpenda Wavinya kweli. Hapo hakuwa na utapeli wowote.

"Mwaitu, mama yangu, hiyo mbuzi tubadilishane na mtungi wa asali? Asali ya msituni Kitui, kabisa!"

Kalunde akachovya kidole, akalamba, akafumba macho. "Mungu ni mwema. Chukua haraka kabla sijaghairi."

Haraka ile ingemshtua mtu mwingine. Mutunga alijipongeza.

Bodaboda ilipofika juu Mbooni, nyumbani kwa kina Wavinya, beberu alikuwa amekojoa kila kona. Kilichoshushwa kilikuwa mifupa na ngozi. Baba Wavinya akakipapasa mgongo.

"Hii imekuja kuposa ama kuzikwa?"

"Mzee, ilikuwa inafunga na kuomba."

"Basi ikamalizie maombi kwenu. Nakupa mpaka Jumamosi."

Kesho yake Mutunga akamfuata Kalunde nyumbani, anafoka.

"Mwaitu, uliilisha chumvi ndio ibugie maji!"

"Ilikuwa na kiu. Mimi mtu nimeokoka, ninyime kiumbe cha Mungu maji?" Kalunde akauinua ule mtungi. "Lakini twende kwa chifu. Wewe beba mbuzi, mimi nabeba asali yako."

 Utetezi ule wa kiu ulimchoma Mutunga kwa sababu angeweza kuutoa mwenyewe.

"Niko na nyingine hapo zizini," Kalunde akasema kwa upole. "Hiyo imeshiba majani. Niletee mtungi kama huu, lakini asali iwe ya nyuki."

Ijumaa Mutunga akaenda kwa Nthiwa, mwenye mizinga, na mtungi mmoja ukameza faida yake ya miezi miwili. Akaubeba kwa hasira, na njia nzima mpaka Kilungu akawaambia watu kwamba wafuga nyuki ni wezi.