Sahani ya Norway

Marion Aluoch,
Kibanda cha samaki cha Mama Marion,
Lindi, Kibera.
Machi 1999

Kwa Mhariri,
Ukurasa wa Kompyuta na Biashara Ndogo

Ndugu Mhariri,

Kabla ya malalamiko kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, na hata Mungu nimemwambia nusu tu. Mimi naogopa wateja. Sisemi wateja wabaya. Wote. Mtu akisimama mbele ya kibanda chetu akaniuliza kama samaki ni wa leo, nalitazama karai la mafuta mpaka aondoke. Nilimaliza Form Four Novemba iliyopita, na mama anasema nimepumzika vya kutosha. Kuanzia Jumatatu nitasimama mbele niite wapita njia kwa sauti, naye atakaanga. Hiyo ndiyo sababu niliyosomea makala yako kuhusu kuchagua katalogi na mfumo wa oda kwenye intaneti. Wengine waliisoma kwa ajili ya maendeleo. Uliandika kwamba mteja atajichagulia, ataagiza, na mwenye duka hatalazimika kusema hata neno moja. Niliikata nikaiweka chini ya mto.

Leo kibanda chetu kina vita, na chanzo ni wewe.

Ili unielewe, kwetu majirani hawaagizi kwa mdomo. Asubuhi kila mtu analeta sahani yake ya bati, na mama anazipanga mezani jinsi zilivyofika. Anazijua zote. Ile yenye maua mekundu inataka mkia, na ile iliyobonyea inataka kichwa na supu nyingi. Jioni sahani ya kwanza ndiyo inayopewa samaki mkubwa kuliko wote. Sahani ikiwa mezani, ni kama mwenyewe amesimama pale, na hakuna anayeigusa. Sahani ya bluu ya Mama Ojwang imekuwa ya kwanza tangu nikiwa darasa la tatu. Sasa nalalamika kama ifuatavyo:

1. Ulituagiza tulinganishe mifumo mitatu kabla ya kuchagua. Nililinganisha. Wa kwanza ulikuwa wa kampuni moja ya mjini. Nilifika mpaka mlangoni, nikamwona msichana wa mapokezi ana uso wa mtu anayetaka kuniuliza shida yangu, nikarudi nyumbani. Wa pili ulikuwa wa bwana mmoja wa Ayany, lakini mfumo wake ulitengenezewa duka la vifaa vya ujenzi, na samaki wetu wangeandikwa kama misumari. Wa tatu ni wa Ndungu wa Kawangware, mtoto wa mwenye ploti tunayopanga, ambaye ana kompyuta na laini ya simu nyuma ya duka la babake. Ndungu huongea sana hata mtu hahitaji kumjibu. Nilimchagua kwa hilo. Makala yako haikuitaja sifa hii hata kidogo, na kwa maoni yangu ndiyo ya kwanza.

2. Ulisema picha nzuri huuza. Ndungu alimpiga picha samaki wetu mkubwa, akamwingiza kwenye mashine akisema, "Sista, huyu jamaa ataonekana mpaka Japan." Halafu akamla. Kwenye kompyuta picha hufunguka polepole kuanzia kichwani, na kila ikifika kwenye mashavu simu inakatika. Mama alikuja Kawangware kujionea. Alikaa, akangoja, akasema, "Mkia uko wapi? Watu watasema Mama Marion anauza vichwa." Nilipobandika nakala ya picha hiyo kibandani, mambo yalizidi. Kila mteja aliweka kidole juu yake akasema anataka huyu, huyu hasa, si ndugu yake. Mimi ningeeleza, lakini nimeshakwambia hali yangu.

3. Fomu ya oda inadai jina la barabara na nambari ya nyumba. Watu wetu wanaishi mlango wa pili baada ya mama wa mandazi, ukipita choo kipya. Kompyuta imekataa choo kipya.

4. Hili ndilo lililoleta vita. Tulipata oda. Moja. Ilitoka kwa kijana anayeitwa Jeconia, mwanafunzi huko Norway. Alijaza kila nafasi, hata jina la babake na la kwao, halafu akaandika: "Huku samaki hana mifupa wala macho, ni kama mkate. Tafadhali niwekeeni ngege mmoja, akauke kidogo, na supu yake. Nitakuja Desemba." Nilifurahi mpaka nikakimbia njia yote kutoka Kawangware. Mama alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Sahani yake iko wapi?" Nikasema intaneti haina sahani. Akasema, "Hakuna sahani, hakuna oda. Atakulia mkononi?" Ndugu Mhariri, ulitaja picha, bei na usafiri. Sahani hukuitaja.

Basi nikatoa yangu, ile niliyotoka nayo shuleni, yenye jina langu nililolikwaruza kwa msumari. Tangu siku hiyo nakula kwenye kifuniko cha sufuria. Mama akauliza tena, oda ilifika lini? Karatasi ya Ndungu ikaonyesha kwamba ilifika kabla ya jogoo kuwika, sahani zote za Lindi zikiwa bado kwenye rafu. Mama ni mtu wa haki. Akasema, "Basi huyu ndiye wa kwanza," na Norway ikawekwa mbele ya sahani ya bluu, mpaka Desemba.

5. Kila jioni samaki mkubwa anawekwa kwenye sahani ya Norway na kufunikwa. Mteja wa mwisho akishaondoka, mama anamla kwa niaba ya Jeconia, na mtaa mzima unajua. Mama Ojwang alivumilia siku chache. Halafu akasimama katikati ya watu, mikono kiunoni: "Hiyo Norway ni wapi? Ni huku Makina? Mbona simwoni akipita? Mimi nimekuja na miguu yangu, na sahani ambayo haina mtu inaniruka!" Akachukua sahani yake akaondoka, na maua mekundu na ile iliyobonyea zikamfuata. Wananunua kwa mwanamke wa karibu na reli, ambaye mafuta yake mama hawezi kuyazungumzia bila kufunga macho.

6. Mama amesema mimi ndiye niliyeleta Norway, kwa hiyo mimi ndiye nitakayekwenda mlangoni kwa Mama Ojwang kumrudisha, kabla ya Jumatatu. "Kwa mdomo," amesema. "Si kwa barua, nakujua." Wateja hao wasiporudi, kibanda hakitafika Desemba kumngoja mtu yeyote.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, gazeti lako litangaze kwamba Norway iko nyuma ya Mama Ojwang. Kama hilo haliwezekani kwa sababu za ramani, basi liamuru kwamba nchi isiyo na sahani isiruhusiwe kuagiza. Kama nalo ni gumu, naomba uje wewe mwenyewe uwe Jeconia.

Nimelifikiria vizuri. Uvae koti zito na ulalamikie joto. Kama hujui Kijaluo, sema umekisahau huko, wengi husahau. Kama umri haulingani, sema masomo ni marefu. Utakaa kwenye benchi, utakula samaki mbele ya watu wote, pamoja na mifupa na macho, kisha utaondoka na sahani, na foleni itasogea. Sahani unirudishie kwa posta. Ukitoka hapo upite kwa Mama Ojwang umwombe msamaha. Mlango wake ni wa kijani. Na kwa kuwa utakuwa umeshafika Lindi, na mwandishi wa makala kama ile haogopi watu, naomba Jumatatu usimame mbele ya kibanda uite wateja badala yangu. Usiseme tu kwamba samaki ni watamu. Sema ni wa leo.

Nakungoja kwa heshima zote, nikiwa nyuma ya karai. Wasalimie wote hapo ofisini, anayefungua barua na anayepika chai. Kama mnafahamiana na yule msichana wa mapokezi wa kampuni ya mjini, mwambie sikumkimbia yeye.

Wako katika masikitiko,
Marion Aluoch

N.B. Usije.

Nilikuwa natafuta bahasha, mama yuko Gikomba kununua samaki, nikamwona Mama Ojwang anakuja na sahani yake kifuani. Alitazama huku, akatazama kule, akaishika Norway kwa vidole viwili, akaiweka chini ya meza, na ile ya bluu akaiweka mahali pake. Sijui kilichonipata. Nilisikia mtu akipiga kelele, "Mama Ojwang! Rudisha hiyo sahani! Mwenyewe yuko safarini!" na fundi cherehani wa ng'ambo ya njia akasimamisha mashine, na huyo mtu nilikuwa mimi.

"Kumbe una mdomo!" akasema. Nikamwambia ninao, na kwamba kuna mtoto wa watu yuko kwenye baridi anakula samaki kama mkate, na hapa nyumbani hana kitu kingine ila hiyo sahani, na hata hiyo si yake. Akauliza, "Mtoto wa nani?" Nikamsomea karatasi ya oda: wa mzee Amolo, wa Asembo. Akakaa kwenye benchi. "Huyo ni wa kwetu kabisa. Siku zote hizi, mbona hukusema?"

Akaitoa Norway chini ya meza, akaipangusa kwa leso, akairudisha mbele, na yake akaiweka nyuma yake. "Akae mbele. Mimi nitamlinda mgongo. Lakini kama ni kuliwa kwa niaba yake, mama yako si wa ukoo. Nitamla mimi." Kwa hiyo samaki mkubwa amerudi kwa Mama Ojwang. Maua mekundu imeshaletwa, na iliyobonyea inakuja.

Zile kelele zilisimamisha wapita njia. Walipouliza kama samaki ni wa leo, niliwajibu kabla sijakumbuka kwamba nawaogopa.

Tafadhali usiichapishe barua hii. Mama akijua nina sauti kama ile, hataniondoa mbele ya kibanda hata Jeconia akirudi na wajukuu. Wote waliosikia nimewapitia mmoja mmoja, mlango kwa mlango, nikawaomba kwa mdomo wangu wasimwambie, na wamekubali. Umebaki wewe tu.