Chupa Sita za Mama Ernestine Zinapanda Ndege

Bwana Chefu wa sekta mwenye kiti kirefu, Bwana Polisi mwenye filimbi, Bwana Katekista, Shehe wetu mwenye hanywi lakini anatusikiliza, wamama wenye mulikuja na wenye mulisukumwa kuja, watu wote wa Kabambare, na mimi mwenyewe Octave, karani wa daraja la kwanza, Prezida wa Komite ya Chupa Kupanda Ndege: jambo! (Makofi. Anayepiga ni Abedi, mutu wa Octave wa kubeba bagaji, ni kusema mizigo.)

Tangu mwaka jana, wakati Serikali ilituruhusu na sisi watu weusi kunywa mvinyo ya Ulaya, statistiki zangu zinaonyesha wazi kwamba chupa kumi zikienda Bukavu kwa kamio, ile motokari ya mizigo, kumi na moja zinavunjika. (Sauti: "Ya kumi na moja ilitoka wapi?") Mwenye kuuliza atanikuta kwa biro, kwa meza yangu ya kazi! Ndiyo maana Mama Ernestine wa Lusangi, mwenye mutoto wake Fidèle anaoa Bukavu jumamosi hii, na wajomba wa bibi arusi wanasema bila chupa sita za mvinyo nyekundu hawatoi mutu, aliniletea chupa zake huku analia, na mimi nikamujibu: mama, nyamaza, proje iko, mpango wa kupandisha chupa ndege. (Mama Ernestine: "Jumamosi ni kesho kutwa, baba!") Haraka haraka haina baraka, mama.

Wandugu, kufunga chupa ni siyansi. Unapaka kizibo nta ya nyuki, kwani kule juu hewa inasukuma. Unavalisha kila chupa soksi. Unailaza katikati ya sanduku, mbali na pembe, nguo chini, nguo juu, nguo ubavuni, chupa na chupa zisigusane, halafu unatikisa: ukisikia nglin-nglin, anza tena. Soksi zilikuwa zangu mwenyewe, muangalie hii miguu! (Kicheko.)

Kisha nikaandika juu ya sanduku FRAGILE, ni kusema kitu cha kuvunjika upesi. Lakini Abedi akazani ni jina la mwenye mzigo, akazunguka na sanduku juma mbili akitafuta Bwana Frajili mpaka Nyangwe. (Abedi: "Walisema alihamia Kasongo!") Juma mbili, mvinyo kwenye jua! Komite ikakaa, ikajadili, ikaona hatari ya presio, ni kusema mvinyo kusukuma kizibo, ikakata shauri kuipunguza, kikombe kwa kikombe, kwa faida ya umma. (Mama Ernestine: "Yesu wangu! Mumekunywa ndoa ya mutoto wangu?")

Chupa juu! Kuvunjika chini! (Abedi peke yake: "Chini!")

Ninamushukuru Mama Safi kwa kutuazima hili shamba lake la mihogo tunamosimama, lenye litakuwa kiwanja cha ndege siku tutapata ruhusa, na majembe, na ndege. Na wewe, Mama Ernestine, asante sana: chupa zako zote sita ziko nzima, hata moja haikupasuka. Njoo uzichukue, mama. Ni nyepesi, utazibeba kwa mukono mumoja.