Siku Tela la Vitunguu Lilipoingia Pantoni kwa Nyuma

Sogeeni, enyi wapandaji na washukaji, wenye magari na wenye miguu mitupu. Acheni supu zenu zipoe, maana habari hii haikubali kusikilizwa huku mtu akitafuna. Nanyi, vioo viwili vya pembeni, cha kulia na cha kushoto, njooni mtie nguvu ulimi huu, upate kutaja bila kubabaika jinsi Pyo Geum-ran, mama wa Hyeon-u, mshinda-matope ya mashamba, alivyoliingiza kinyumenyume tela la vitunguu ndani ya pantoni ya kisiwa cha Dalmok, siku ya nne ya mwezi wa sita, saa sita kasoro dakika nane mchana.

Ijulikane kwamba pantoni ile ina mlango mmoja tu, hivyo kila gari huingia kwa makalio, ili likifika ng'ambo, mjini Mokpo, litoke kwa uso kama mtu mwenye adabu. Kwa gari dogo hilo si kazi. Bali lori lenye tela ni vita, kwa kuwa tela halina utii: ukilisukuma huku linakwenda kule, na ukizidisha linajikunja na kuja kumchungulia dereva dirishani. Geum-ran alikuwa ameolewa kisiwani miaka ishirini na sita, na hakuwahi kuingia pantoni ameshika usukani. Hiyo ilikuwa kazi ya mumewe, na mumewe sasa alikuwa amelazwa Mokpo, mfupa wa bega umevunjika, baada ya kuporomoka kutoka juu ya rundo la vitunguu alilolipanga mwenyewe.

Ufunguo wa lori ulining'inia kwenye msumari juu ya jiko la wali, na mlinzi wa msumari alikuwa mama mkwe, Bibi Tak, mwenye miaka themanini na mitatu, msukuma-kigari, kwani alitembea akiegemea kigari cha mtoto ambacho hakijabeba mtoto tangu Hyeon-u aanze shule.

"Nakuazima ufunguo siku saba," akatamka Bibi Tak. "Ukiliingiza mwenyewe, ufunguo wako, na mwanangu akipona atakaa kiti cha abiria anyamaze. Ila Chil-seong akikalia kiti chako hata dakika moja, namwita yule binamu yenu wa Mokpo aendeshe mpaka mavuno yaishe. Wewe utarudi kufunga magunia."

"Sawa, mama," akajibu Geum-ran, na moyo ukamchoma, maana binamu huyo aliendesha kwa mkono mmoja na kula kwa miwili.

Huyo Chil-seong ndiye Bae Mwenye Filimbi, mpanga magari wa pantoni. Hakuwa na roho mbaya. Lakini kila alipoona mwanamke analeta kitu kirefu kuliko gari dogo, alifungua kiganja, akapokea ufunguo na kuliingiza gari mwenyewe, akihema kama anayebeba kisiwa kizima mgongoni.

Basi Geum-ran akapiga kambi katika uwanja wa shule ya msingi iliyofungwa kwa kukosa watoto, akapanga mabeseni mekundu ya kuchachushia kabichi ya kimchi kuwa kingo za pantoni. Siku ya kwanza mabeseni manne yalianguka vitani. Siku ya pili yalianguka sita, pamoja na nguzo ya goli iliyokuwa haijamkosea mtu. Siku ya tatu jasho na machozi vilikuwa vimechanganyika asijue kipi ni kipi, ndipo magurudumu madogo yakasikika yakilia kwenye changarawe.

"Mama Hyeon-u, mbona unashindana nalo?" akasema Bibi Tak. "Hili tela ni kama mwanangu. Ukitaka liende kushoto, liambie liende kulia. Na usiliambie kwa nguvu. Liambie kidogo, tena mapema, kabla halijakasirika."

"Mama! Miaka yote hii ulinificha siri hiyo?"

"Ungeijua mapema ungeniharibia mtoto."

Tangu saa ile hakuna beseni lililokufa.

Ikafika siku ya saba. Vitunguu tani tano, katika nyavu nyekundu, vilishuka gatini kwa fahari, na watu arobaini wa Dalmok walikuwa pale wakingoja pantoni ya saa sita. Na hapa lazima udhaifu wa watu wale utajwe, ingawa ni watu wema: hakuna hata mmoja anayeweza kuona gari likirudi nyuma akatulia. Awe muuza samaki, awe mchungaji wa kanisa, taa nyeupe zikiwaka tu, mkono wake unapaa wenyewe.

"Njoo! Njoo! Njoo!"

"Kata kulia, mama! Kata!"

"Nyoosha hapo! Nani kakwambia ukate?"

"Lala kushoto! Bado! Bado! Basi, basi, basi!"

Geum-ran, mwanamke aliyelelewa akaleleka, hakuweza kumpuuza mkubwa wake. Akawatii wote arobaini, mmoja baada ya mwingine, kwa kufuata umri. Tela likajikunja kiwiko, likaipindua ndoo ya pweza ya Bwana Ma, na pweza wakatawanyika gatini kila mmoja akielekea baharini kwa njia aliyoijua.

Filimbi ikalia. Bae akaja taratibu, kiganja wazi. "Pole, mama Hyeon-u. Hata mimi lilinitesa mwaka wa kwanza. Shuka, lete ufunguo."

Geum-ran akakitazama kile kiganja, akaona ndani yake msumari, na binamu, na magunia mpaka uzee. Alishuka kweli, lakini ufunguo akaubana ngumini. Akapanda juu ya kreti ya samaki, akapaza sauti:

"Wazee wangu wa Dalmok! Sauti zenu arobaini, shingo yangu moja. Mkisema nitasikia, na nikisikia lazima nitii, ndivyo mama yangu alivyonilea. Miaka ishirini na sita sijawaomba kitu. Leo naomba: nipeni migongo. Asiyeniona hatanielekeza."

Wakatazamana, kisha wote wakamtazama Bae.

"Nigeuke na pantoni iko wazi?" Bae akapinga. "Na tela likitumbukia?"

"Utasikia chubwi."

Wakacheka, lakini hakuna aliyegeuka, mpaka Bibi Tak alipogonga kigari chake chini. "Chil-seong, makamasi yako nimeyafuta mimi. Geuka."

Bae akageuka. Nao wengine wakageuka, migongo arobaini ya maua na makoti ya mvua, hata Bwana Ma akiwa na pweza mmoja mkononi.

Ndipo Geum-ran akapanda tena kitini, akalivuta tela mbele hadi likanyooka. Kisha akatia gia ya nyuma. Akauliza kioo cha kushoto, akauliza cha kulia. Akaliambia tela liende kulia, kidogo, mapema, nalo likaenda kushoto kama mtu aliyetaka kwenda huko tangu asubuhi. Magurudumu yakagusa chuma, nacho kikalia kama ngoma, tani tano zikarudi, zikarudi, zikasimama shubiri moja kutoka ukuta wa ndani. Akapiga honi mara moja.

"Limeingia!" akapiga yowe mchungaji. "Nimeona kwa macho yangu!"

"Uliona na nini, kisogo?" akauliza Bwana Ma. "Mimi ndiye niliyeona!"

Bae alipanda, na mkono wake ukajifungua wenyewe kwa mazoea. Akautazama, akaona haya. Akainama, akaokota kabari ya mbao, akampa Geum-ran kwa mikono miwili.

"Zuia gurudumu, dereva," akasema.

Dereva akazuia gurudumu, na ilimbidi ainame muda mrefu kuliko kazi ilivyodai, kwa sababu ya macho yaliyolowa.

Pantoni ilipong'oa nanga, Bibi Tak alimjia kando ya lori. "Mama," akauliza Geum-ran, "nawe uligeuka?"

"Niligeuka. Mimi si wa kuvunja neno." Bibi akatoa mfukoni kioo chake cha poda. "Ila hiki hakikuahidi kitu. Gurudumu lako la nyuma lilipita ukingoni."

"Lilibakiza kiasi gani lisianguke?"

"Kidole."

"Mungu wangu! Mbona hukusema?"

"Ungenitii."

Basi na iandikwe, na vizazi visome: siku hiyo tela liliingia, mashahidi walikuwa arobaini, na aliyeona ni mmoja. Msumari ulio juu ya jiko la wali uko mtupu hadi leo. Mume alipona, anakaa kiti cha abiria, na ananyamaza, isipokuwa lori linaporudi nyuma, ambapo huambiwa ageuke.