Utumbo Kipofu Hauendeshi Gari

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa manispaa ya Unterknöttel siku ya Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, kwa gundi iliyoidhinishwa: kuanzia leo, kila kiungo cha ndani ya mwili kitajisajili.

Mwenye wazo alikuwa Bwana Eckehard Pfannstiel, Mkurugenzi wa Wakazi, na hoja yake haikuwa na tundu la kupitisha hata sindano. Mtu akihamia mjini ana wiki mbili za kujisajili, tena na barua ya mwenye nyumba mkononi. Mbwa anasajiliwa. Sasa ini, linalokaa chumba kimoja miaka hamsini bila karatasi, linajiona nani?

Watu wakapanga foleni. Wajerumani wakiona foleni, kwanza hupanga, halafu ndipo huuliza ni ya nini. Kila mmoja alipewa fomu ya kurasa kumi na moja: upumuaji, mzunguko wa damu, mmeng'enyo wa chakula, mkojo, mishipa ya fahamu, mifupa yote mia mbili na sita, na chini kabisa sahihi ya mwenye mwili, kama mwenye nyumba.

Matatizo madogo yalitatuliwa kwa busara. Ilipogundulika kwamba pafu la kushoto ni dogo kuliko la kulia kwa sababu moyo umelibana, liliandikiwa barua ya pole. Moyo wenyewe ulipewa onyo kwa kufanya kazi Jumapili. Wenye figo mbili walitakiwa kueleza ya pili ni ya nini. Na tumbo lolote lilikatazwa kunguruma kati ya saa saba na saa tisa mchana, saa za utulivu.

Pfannstiel alikuwa amejisajili wa kwanza. Cheti chake, namba 1, kilining'inia nyuma ya kiti chake ndani ya fremu, na kila alipokipa mgongo alijisikia amekamilika.

Alhamisi akaingia mzee Lothar Zwick na barua imekunjamana mkononi. Zwick aliendesha bucha miaka arobaini na tano. Alikuwa ameona matumbo mengi kuliko manispaa nzima.

"Mkurugenzi, mmeninyang'anya leseni ya gari!"

"Hatunyang'anyi, Bwana Zwick. Tunasitisha. Ukurasa wa sita, kwenye mmeng'enyo wa chakula, una kipofu."

"Kibofu?"

"Kipofu, kwa pe. Kibofu kiko ukurasa wa saba na hakina kosa lolote."

Kile ambacho Waswahili hukiita kidole tumbo, Wajerumani tangu enzi za mababu hukiita utumbo kipofu, kwa kuwa njia yake haina mbele. Mtu wa kawaida angecheka. Pfannstiel hakuwa mtu wa kawaida. Alikuwa na kanuni. Kanuni ilisema mwili wenye kipofu hauendeshi gari, wala haikutaja ukubwa wa kipofu huyo au mahali anapokaa.

"Lakini usukani naushika mimi, baba! Sio utumbo!"

"Hilo mngekubaliana wenyewe huko ndani kabla ya kutia sahihi."

Zwick akashusha sauti. "Nisikilize. Magoti ya mke wangu Irmtraud yamekwisha. Kila Jumatano nampeleka kwenye maji moto ya Bad Hummelau. Huko kwetu mlimani basi halifiki. Asipoingia majini Jumatano, Alhamisi hashuki ngazi."

"Magoti ni mifupa. Dirisha la tatu."

"Tena huo utumbo wenyewe sina!" Mzee akapandisha shati. Kovu lilikuwepo, limelala upande wa kulia kama mjusi. "Ulikatwa mwaka sabini na nane. Fomu yenu imeuchapa tayari kwa kila mtu!"

Pfannstiel alishtuka, lakini si kwa ajili ya kovu. "Amehama mwaka sabini na nane, hajatoa taarifa? Barua yake ya kuhama iko wapi?"

Saa moja baadaye Zwick alirudi nayo, ya hospitali, imegeuka manjano ndani ya mfuko wa plastiki. Mjerumani hupoteza nywele, meno, hata utumbo, karatasi hapotezi.

Mhuri ukagongwa: HANA KIPOFU. Leseni ikarudi. Pfannstiel akajisikia mwenye huruma.

Zwick hakuondoka. Alikuwa akitazama ukuta.

"Kile cheti ni chako?"

"Namba moja," alisema Pfannstiel.

"Na kimekamilika?"

"Hakuna kiungo hata kimoja kinachokosekana, mzee. Hata kimoja."

"Hata cha ukurasa wa sita?"

Kwenye meza ya pembeni, Bi Swantje, katibu muhtasi aliyechapa miaka ishirini bila kuuliza swali, aliacha kuchapa. Kisha akaanza tena, kwa kasi.

"Unaandika nini, Bi Swantje?"

"Barua, bosi. 'Kwa kuwa ndani yako anaishi kipofu...'"

Kufikia Ijumaa barua kama hiyo ilikuwa imemfikia meya, mkuu wa polisi na kikosi kizima cha zimamoto. Mji mzima walibaki wawili tu wasio na kipofu: Zwick, na mtawa mmoja asiyejua kuendesha.

Kanuni ingeweza kufutwa kirahisi. Ilitakiwa tu faili lipelekwe kwa mkono na Mkurugenzi mwenyewe hadi ofisi ya wilaya, kilomita thelathini na nane, siku ya kupokea mafaili. Jumatano.

Kwa hiyo Pfannstiel akapanda mlima kwa miguu, faili kwapani, akabisha kwa Zwick huku anahema kwa mapafu yote mawili.

"Jumatano?" Zwick alikuna kidevu. "Jumatano nina Irmtraud."

"Mzee wangu, hili ni jambo la serikali!"

Sauti ikatoka ndani: "Lothar! Nani huyo?"

"Mkurugenzi! Anaomba lifti!"

"Amejaza fomu?"

Zwick alinyoosha mkono ukutani, ilipotundikwa mashine ya zamani ya bucha ya kutoa namba za foleni, akavuta kikaratasi na kumpa. Themanini na nne. Hapo tumbo la Pfannstiel, ambalo halijaonja kitu tangu asubuhi, likanguruma hadi mbwa wa jirani akajibu.

Zwick alitazama saa yake. Ilikuwa saa saba na nusu mchana.

"Hilo nitalazimika kuliripoti," alisema, akafunga mlango polepole, asije akavunja utulivu.